Mafuta ya breki si mafuta: Kiswahili cha gereji na uhai wa mwendesha pikipiki

Msomaji mmoja wa safu hii, mwalimu wa shule ya upili, ameniandikia akiuliza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo. Yale masanduku mawili yanayoning'inia ubavuni mwa pikipiki kubwa za safari huitwaje kwa Kiswahili? Anasema aliniona nayo nikitoka Waiyaki Way nikiingia Uthiru, akadhani profesa ameanza biashara ya kupeleka vifurushi. La, bado nafundisha. Ila swali lake limenipa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo nimekuwa nikilitafakari kwa muda: lugha inayotumika kutunza, kurembesha na kuendesha chombo hiki, na jinsi neno moja lisilo na mipaka linavyoweza kumtoa mtu uhai.

Tuanze na jina lenyewe. Pikipiki ni tanakali ya sauti. Mtambo umepewa jina la mlio wake. Waganda nao wamelichukua vivyo hivyo, na Wajaluo wakaligeuza likawa apiko. Huku kwetu Uthiru kijana hatasema pikipiki, atasema nduthi, neno ambalo Sheng imelisambaza jijini kote na ambalo wenyeji wengi wa huku hulihesabu kuwa la Kikuyu. Halafu kuna bodaboda, neno lililozaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, pande za Busia na Malaba, ambako waendesha baiskeli walibeba watu na mizigo kutoka boda moja hadi boda ya pili. Baiskeli zikapisha pikipiki, na mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250, neno hilo likaingia kila kijiji.

Tazama jinsi bodaboda linavyocheza na upatanisho wa kisarufi. Ukisema "bodaboda imefika" umetaja mtambo. Ukisema "bodaboda amefika" umetaja binadamu. Neno ni moja, kiambishi ndicho kinachotenganisha chuma na mtu. Nimesahihisha insha nyingi ambamo mwanafunzi aliandika kuwa bodaboda imelazwa hospitalini, nikabaki nikijiuliza ni nani hasa aliyelazwa.

Pikipiki yangu si ya biashara hiyo. Ni Honda ya zamani kidogo, silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, cc 782, na uzito wake unapita kilo 200 kabla sijaiongezea kilo zangu. Wenye lugha zao huziita za michezo na utalii, tafsiri ambayo ikiletwa kwa Kiswahili neno kwa neno humfanya msikilizaji afikirie mpira na simba. Mimi huiita pikipiki ya masafa. Ni aina iliyo kati ya pikipiki ya mashindano, ambayo humkunja mpandaji mpaka kidevu kikaribie tangi, na ile pana ya kukalia kama kiti cha sebuleni. Hii humwinamisha mtu kidogo tu, humkinga na upepo kwa gamba la mbele, na hubeba mizigo ya wiki nzima bila kupoteza wepesi kwenye kona. BMW walipotoa R100RS mwaka 1976, gamba lake likiwa limechongwa baada ya kupimwa katika handaki la upepo kule Italia, ndipo wazo la kwenda mbali, haraka, na bila kuchoka lilipopata umbo ambalo wengine waliliiga.

Sasa nirudi kwa mwalimu na masanduku yake. Vijana wa gereji huyaita maboksi ya kando, na mtu haelewi vibaya. Hata hivyo, kamusi za zamani za Kiswahili zina neno ambalo limelala bure: shogi. Shogi ni mfuko mkubwa wa ukili unaotandikwa mgongoni mwa punda, mdomo ukiwa katikati, na pande zake mbili zikining'inia ubavuni, kila upande na mzigo wake. Watu wa pwani walilihitaji neno hilo kwa sababu punda ndiye aliyekuwa lori lao, na Lamu bado ni hivyo. Mwenye punda anajua kwamba shogi isiyolingana humfanya mnyama aende mshazari na kuumia mgongo. Ni kanuni ile ile kwangu. Nikitia vitabu upande mmoja na nguo upande wa pili, pikipiki huvuta kushoto kutoka hapa hadi Naivasha. Vizito hukaa chini na karibu na mwili wa chombo, vyepesi juu, na pande zote mbili hupimwa. Basi mwalimu, jibu langu ni shogi. Ni neno fupi na la Kiswahili, na limekuja na maarifa yake ndani.

Ukishafungua mlango huo wa punda na farasi, mengine yanakufuata. Pale pa kuwekea mguu, ambapo gerejini husemwa futresti, pwani walikuwa na kikuku. Kikuku ni bangili ya mguuni, na ni hicho hicho kipete cha chuma ambamo mpanda farasi hutia wayo wake. Kiti nacho kingeweza kuitwa tandiko. Kofia ngumu ilikuwa na jina kabla pikipiki haijazaliwa: chapeo, kutoka Kireno, na wasomaji wa Biblia wanalijua kutoka Waraka kwa Waefeso. Sheria zetu za trafiki zinamtaka mwendeshaji na abiria wake wote wawili wavae chapeo na jaketi ya kuakisi mwanga. Mitaani wanasema helmeti, na sitapigana na mtu kwa hilo. Mradi ivaliwe, tena ifungwe kidevuni. Chapeo isiyofungwa hutangulia kuruka mwenyewe akibaki nyuma.

Neno kurembesha nimelitumia hapo juu kwa makusudi, maana mafundi wa huku wana maana mbili ambazo Kiswahili hakijazitenganisha vizuri. Kuna kurembesha kwa ajili ya macho: vitambaa vya kiti vyenye vishada, taa za rangi, maandishi kwenye mpira wa kuzuia matope. Hayo maandishi ni fasihi, na ni jamaa wa karibu wa semi za kanga. Siku moja nitayaandalia makala yake. Pia kuna kurekebisha chombo kimfae mwenyewe. Mimi nimeinuliwa usukani kwa sentimita tatu hivi kwa sababu viganja vya mtu wa miaka sitini na kitu havipendi kubeba uzito wa kifua. Nimewekewa kioo cha upepo kirefu zaidi, kikakatwa tena, kwa kuwa kikiwa kirefu nusunusu upepo hupita juu yake ukaja kupiga chapeo kama ngoma. Nimekazwa springi ya nyuma ili shogi zikijaa pikipiki isikae kama mbwa aliyechuchumaa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwa mpita njia. Kuhusu wale wanaotoboa bomba la moshi ili mtaa mzima ujue wamerudi, wacha ninyamaze, wao hawanyamazi.

Kutunza ndiko kwenye kazi. Nyuma ya maduka kando ya Naivasha Road, mwendo mfupi kutoka stendi ya Uthiru, kuna gereji ambayo ni turubai, meza moja na fundi mmoja. Hapo ndipo nimejifunza sarufi ambayo sikuipata chuoni. Chukua kitenzi piga. Fundi hupiga stata, hupiga kiki, hupiga msasa, hupiga rangi, hupiga honi kujaribu kama inalia. Kitenzi kimevuliwa maana yake ya kuchapa, kikabaki kuwa mlango ambao nomino yoyote ngeni huingilia ikawa kitendo. Injini nayo ni kiumbe: inakohoa, inavuta, inakula oili, inalia, na siku mbaya inanoki. Betri hulala. Plagi hufa. Cheni huchoka. Hakuna kamati iliyokaa kuunda istilahi hizo, na zinaeleweka kutoka Uthiru hadi Kisumu.

Cheni yenyewe ina somo. Kamusi ingependa tuseme mnyororo. Lakini Kiswahili kimekwisha kugawa kazi: mnyororo hufunga mfungwa au mbwa, mkufu hukaa shingoni, cheni huzungusha gurudumu. Anayemwambia fundi aangalie mnyororo atasikilizwa kwa heshima kisha ataulizwa, "Unamaanisha cheni, Prof?" Lugha imeona vitu vitatu mahali ambapo zamani ilikuwa na viwili, ikamchukua mgeni mmoja ili aondoe utata. Huko si kuchafuka. Ndiyo kazi ya mkopo.

Penye tatizo ni kitenzi kinachoandamana nayo. Mwanagenzi akiambiwa "kaza cheni" hukaza. Ataendelea kukaza mpaka iwe ngumu kama waya wa gitaa, kwa sababu kaza haina kikomo ndani yake. Kukaza mwendo ni kuongeza, kukaza moyo ni kuongeza, na katika maisha anayekaza husifiwa. Cheni haitaki hivyo. Kitabu cha pikipiki yangu kinasema cheni icheze kati ya milimita 25 na 35 ikisukumwa juu na chini katikati ya upande wake wa chini. Gurudumu la nyuma linapopanda na kushuka juu ya matuta, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika, na cheni isiyo na nafasi hugeuka kuwa kamba inayovuta beringi ya gia. Ikikatika kwa kasi, inaweza kujifunga kwenye gurudumu. Fundi wangu ana suluhisho la kisarufi asilolijua kuwa ni la kisarufi. Haamuru "kaza". Husema, "Iachie vidole viwili." Amebadilisha kitenzi cha kuongeza akaweka cha kubakiza, na kipimo ni mkono ambao kila mtu anatembea nao.

Huko kwenye gurudumu ndiko tunapoingia katika uendeshaji, na hapa naomba msomaji avumilie safari fupi. Jumamosi asubuhi na mapema nikitoka Uthiru hupita Kinoo na Kikuyu, nikafika Rironi, nikakata kushoto kuteremka bondeni kwenda Mai Mahiu. Barabara hiyo ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano, na kanisa lao dogo la mwaka 1942 bado limesimama kule chini. Kuna kona, kuna malori, kuna dizeli iliyomwagika ikikungoja palepale ambapo hungeitarajia.

Kwenye kona za namna hiyo pikipiki nzito haigeuzwi. Inalazwa. Kiswahili kina bahati hapa. Pikipiki ikilala yenyewe, umeanguka. Ukiilaza, umepiga kona. Kiambishi cha usababishi ndicho tofauti kati ya ajali na ustadi, na wakufunzi wangekitumia zaidi. Namna ya kuilaza huwashangaza wanaoanza: ukitaka kwenda kulia, unausukuma mkono wa kulia wa usukani mbele kidogo. Gurudumu huelekea kushoto kwa nukta, pikipiki huinamia kulia, na kona inajichora. Wengi hukataa kuamini hadi wajaribu. Mabaharia wetu wasingeshangaa. Neno usukani lilitoka kwao, na lilitoka kwa Waarabu kabla yao, likiwa na maana ya ule ubao wa tezini unaoongoza chombo. Mkono wa usukani wa mashua huitwa kana, na kana ukiisukuma kushoto chombo huelekea kulia. Tulipolihamisha neno kutoka baharini hadi kwenye lori, ukinyume huo ulipotea njiani, kwa sababu gari hugeuka kule unakozungusha. Kwenye pikipiki umerudi.

Mteremko huo ndio uliofanya nifikirie breki kwa makini. Sikiliza vitenzi vyake. Tunakanyaga breki, tunashika breki, tunafunga breki, tunapiga breki. Kinachotumika zaidi ni kukanyaga, maana tumekilea kwenye matatu na malori. Pikipiki ina breki mbili: ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia, ya mbele hushikwa kwa mkono wa kulia. Kijana aliyekua akisikia "kanyaga breki" akipatwa na ghafla hupeleka akili yake mguuni. Juu ya hilo kuna imani kwamba breki ya mbele humwaga mtu. Ukweli ni kwamba chombo kinapopunguza mwendo uzito hukimbilia mbele, gurudumu la nyuma huwa jepesi, na kwenye lami kavu wakufunzi hukadiria kuwa breki ya mbele hubeba karibu asilimia 70 ya kazi. Inayomwaga mtu ni ile iliyonyakuliwa. Kitenzi ninachowafundisha vijana wa stendi ni finya. Kufinya huanza polepole kukaongezeka, kama unavyojaribu embe sokoni. Hakuna anayekanyaga embe.

Na breki hiyo ya mbele inafanya kazi kwa kitu kinachokaa ndani ya kikopo kidogo karibu na mkono. Kitu hicho ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Hesabu nami. Mafuta huwekwa kwenye tangi pale kituoni. Mafuta ya taa husafishia cheni. Mafuta ya injini, ambayo wengi huita oili, humwagwa ndani ya injini. Oili iliyokwisha kutumika, ile nyeusi, watu huipaka kwenye cheni. Grisi pia ni mafuta, nyumbani kuna mafuta ya kupikia na ya kujipaka. Kisha kuna kile kinachoitwa mafuta ya breki, au oili ya breki. Neno moja limebeba vitu vinane, na kwa sehemu kubwa linafaa kabisa, kwa sababu vyote hivyo ni vya jamii ya mafuta. Vyote isipokuwa cha mwisho.

Kilichomo ndani ya breki si mafuta. Aina zilizozoeleka, DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, zimetengenezwa kwa jamii ya kemikali ya glaikoli, na kazi yake si kulainisha bali kusukuma: unafinya mkono, kiowevu kisichobanika kinapeleka nguvu hiyo hadi kwenye pedi. Mipira midogo inayozuia kisivuje imetengenezwa kwa aina inayopatana na glaikoli. Ukitia oili ya injini humo, hata kiasi kidogo, mipira hiyo huvimba na kulainika. Breki haifi papo hapo. Inaweza kukupeleka Westlands na kukurudisha. Kisha siku moja pedi hazirudi zikaachia, diski inapata moto. Au mkono wa breki unazama mpaka ukagusa usukani bila kitu kutokea. Nimeona pikipiki ya kijana mmoja wa stendi yetu ikifunguliwa baada ya hali hiyo. Aliyemhudumia, mahali ambapo sitapataja, alikuwa ameongezea "mafuta ya breki" kutoka mtungi wa oili. Kijana mwenyewe aliniambia hakuona kosa: kikopo kilipungua mafuta, kikaongezwa mafuta. Kwa lugha aliyopewa, alikuwa sawa. Alivunjika mfupa wa bega, na akashukuru ni huo tu.

Watu wa upande wa sayansi wataniambia hili ni suala la mafunzo ya ufundi. Ni kweli, ila mafunzo hayo hupitia neno gani? Kitabu cha pikipiki yangu kimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kimetenganisha: kina neno lake kwa oili na jingine kwa kilichomo ndani ya breki. Fundi anayesimuliwa yaliyomo kwa mdomo hupokea yote mawili yakiwa yamegeuka kuwa mafuta. Tofauti ilikuwepo kwenye karatasi, ikafia kwenye tafsiri. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakiita Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Sioni kwa nini urasmi huo uishie bungeni na mahakamani usifike kwenye kifuniko cha kikopo cha breki.

Kiowevu hicho kina tabia nyingine ambayo jina la mafuta huificha. Mafuta, kila mtu anajua, hayachanganyiki na maji. Hiki huyanywa. Hufyonza unyevu wa hewani kidogo kidogo, na kadiri kinavyofyonza ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishafyonza maji, kiwango kinachokubalika ni nyuzi 155. Sasa teremka Mai Mahiu nyuma ya lori, ukiwa umeshika breki tangu juu badala ya kuiacha injini ikusaidie kwa gia ndogo. Joto linapanda, maji yaliyomo yanachemka, mvuke unajaa, na mvuke hubanika. Unafinya hewa tupu. Ndiyo sababu vitabu vingi vya watengenezaji huagiza kibadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama pikipiki haikutembea sana. Mwambie mtu abadilishe mafuta ya breki ambayo hayajapungua, naye atauliza yana ubaya gani, mafuta huoza?

Oili ya injini nayo ina mtego wake, ingawa si wa kuua haraka. Katika pikipiki nyingi oili moja hulainisha injini, gia na klachi. Oili nyingi za magari zina kiungo cha kupunguza msuguano, na klachi huishi kwa msuguano. Ukiiweka, klachi huanza kuteleza: injini inanguruma, mwendo hauji. Wajapani waliweka kiwango chao mwaka 1998, na chupa ifaayo kwa klachi inayolowa oili huwa na maandishi JASO MA. Herufi hizo zitafuteni. Na kwa wenye cheni yenye vipete vya mpira ndani, mafuta ya taa kwa kusafisha, sawa. Petroli hapana, huikausha mipira. Tazama tena: mafuta haya ndiyo, mafuta yale siyo.

Basi tukiite nini? Pendekezo la kitaaluma ni kiowevu cha breki, na kwa kitabu cha kiada sina pingamizi nalo. Kiowevu kinafahamika kwa yeyote aliyesoma sayansi kwa Kiswahili. Nilimpelekea fundi wangu. Alilisema mara mbili, akacheka. "Prof, nikimwambia mtu alete kiowevu ataniletea uji." Yeye alipendekeza maji ya breki, kwa mfano wa maji ya betri. Nilikataa kwa nguvu, kwanza kwa sababu maji ndiyo adui wenyewe tunaowakimbia, na pili kwa sababu hata maji ya betri yana mkanganyo: wengine humaanisha asidi, wengine maji safi yaliyotoneshwa, na kuna wanaoongeza ya mferejini.

Tulibishana kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha mwanagenzi wake, ambaye alikuwa chini akifungua gurudumu, akasema bila kuinua kichwa, "Si muiite tu dawa?"

Nimelitazama neno hilo kila upande. Kiswahili tayari kina dawa ya viatu, dawa ya meno, dawa ya mbu, kwa hiyo hatujalazimisha maana. Dawa hutiwa kwa kipimo. Dawa ina aina, na hakuna anayempa mgonjwa wa malaria dawa ya macho kwa kuwa zote ni za majimaji. Dawa ina tarehe ya kuharibika, na ikishafunguliwa chupa haiachwi wazi. Kila jambo ambalo nilikuwa nikihangaika kulieleza kuhusu DOT 4 limo ndani ya neno ambalo kila mama wa Uthiru analielewa. Wanaistilahi watalalamika kwamba si sahihi kikemia, nami nitawasikiliza. Kikemia mafuta lilikuwa baya zaidi.

Wiki hiyo fundi alihamisha chupa hizo kutoka kwenye rafu ya oili hadi kwenye kijisanduku chenye kifuniko. Juu yake ameandika kwa rangi nyeupe: DAWA YA BREKI. DOT 4. SI OILI. Chini yake, kwa penseli, huandika tarehe kila anapofungua chupa mpya.